Namna Bora ya Kumkosoa Ewatomi

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefungua shajara mpya. Kuna jambo linalotaka kuandikwa kwa mpangilio. Vita imeletwa nyumbani kwangu. Imeshuka asubuhi kwenye gari la Ogbomoso, ikiwa na sanduku, gunia la viazi vikuu na jogoo aliyefungwa miguu.

Nifafanue. Mjukuu wangu Ewatomi, miaka tisa, anaishi nami hapa Iseyin tangu Januari. Mama yake, binti yangu Morolake, ni muuguzi Ibadan na zamu zake hazina huruma. Baba yake anafanya kazi melini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu na lugha. Nani angefaa zaidi? Lakini jana Morolake alipiga simu. Alisema mtoto amekuwa mkimya mno, kwamba akizungumza naye kwenye simu anasikia pumzi tu. Nikamweleza kuwa ukimya ni dalili ya kufikiri. Akasema, haya, tutaona. Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 17, ni sikukuu ya watoto kanisani, na Ewatomi ndiye atakayetoa hotuba ya kuwakaribisha wageni. Morolake atakuja kusikiliza. Mtoto akisimama akasema, atabaki kwangu. Akishindwa, atahamia Ogbomoso kwa bibi yake mzaa baba.

Bibi huyo, Mama Abigeli, mkwe mwenzangu, ndiye aliyeshuka na jogoo. Amekuja kusaidia maandalizi. Kusaidia!

Hotuba nimeiandika mwenyewe. Kurasa tatu. Inawataja wageni kwa vyeo, kisha historia fupi ya kanisa, kisha maana ya kukaribisha kwa mtazamo wa kale na wa sasa. Jioni Ewatomi aliisoma mbele yetu. Nilimsimamisha kwa upole kila alipokosea. Hatukumaliza ukurasa wa kwanza. Mama Abigeli alikuwa akimenya viazi. Namna yake ya kumenya sikuipenda.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeamshwa na sauti ukumbini. Oriki! Ewatomi alikuwa amepiga magoti kumsalimu bibi yake, kama inavyopasa. Badala ya kuitikia salamu na kumruhusu mtoto akapige mswaki, bibi akaanza kumwimbia sifa za ukoo. Tangu mke wangu, mama yake Morolake, afariki, hakuna aliyeimba oriki katika nyumba hii. Sikuwahi kuona pengo lolote.

Alimwita Ayinke. Ndilo jina lake la sifa, alilopewa na bibi huyuhuyu. Maana yake ni mtoto wa kusifiwa na kudekezwa. Jina lenyewe ni malezi mabaya.

"Ayinke, uzao wa waliofuma nguo, mvua ikanyesha ikashindwa kuilowesha. Mjukuu wa waliosimama sokoni, soko likanyamaza."

Nilisubiri amalize. Mimi ni mtu wa subira. Kisha nikamweleza mtoto kwamba nguo yoyote ya pamba ikinyeshewa hulowa, na kwamba hakuna soko lililowahi kunyamaza, hasa la Ogbomoso. Wakati wa kuimbiwa alikuwa ameinua kidevu. Nilipomaliza kufafanua alikuwa amekishusha.

Mama Abigeli akaniuliza kama mimi niliimbiwa oriki utotoni. Nikasema ndiyo, ila nilijitahidi kutosikiliza.

Baada ya ibada, mazoezi. Makosa yaliyojitokeza: anazungumza na sakafu. Anameza mwisho wa maneno. Anakunja vidole vya miguu. Hili la mwisho halisikiki, lakini mimi naliona, na nikamwambia kwamba naliona. Baada ya hapo alikunja na vya mikono.

Mama Abigeli, akipita na sufuria, alisema kitu. Nakiandika kwa sababu nahitaji kukijibu.

"Mwalimu, Mungu alipomaliza kuumba alitazama akasema ni vyema. Wewe ungemwambia jua limekaa upande."

Nimefikiria jibu mpaka jioni. Sijalipata. Ingawa kweli jua la Iseyin limezidi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mbinu ya kwanza. Nimegundua ubaya wa oriki: inamfikia mtoto mapema. Akishasifiwa alfajiri, marekebisho yangu yanakuta mlango umefungwa. Dawa ni kutangulia.

Nikaamka kabla ya jogoo. Nikanyata hadi chumbani kwa mtoto, makosa yake yote nikiwa nayo kichwani. Nikamkuta Mama Abigeli ameshaketi kwenye ukingo wa kitanda, amejitanda, anamwimbia mtoto aliyelala! Mtoto anatabasamu usingizini. Huu si ualimu. Huu ni uvamizi.

Sikurudi nyuma. Nikakaa upande wa pili nikaanza kueleza. Huku bibi anasema soko limenyamaza, huku mimi nasema herufi ya mwisho imenyamaza pia. Ewatomi akafumbua macho, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akavuta shuka mpaka kichwani.

Saa sita ikaja salamu kutoka shuleni kwamba mtoto amelala juu ya dawati. Mama Abigeli akasema ni mimi. Nikasema ni yeye. Tumekubaliana kwamba kuanzia kesho hakuna kumwamsha mtoto kabla ya jogoo kuwika. Jogoo ni wake, kwa hiyo simwamini.

Jumanne, 12 Novemba

Nimewaza upya. Mtu msomi habishani na ushahidi. Jana mtoto alitabasamu usingizini. Kwangu hajatabasamu hata akiwa macho, ila siku ile nilipojikwaa kwenye ndoo. Basi, nitasifu. Sifa si siri ya Ogbomoso. Nitasifu kwa kipimo, bila uongo, kama mtu aliyesomea.

Asubuhi nikamwambia kwamba leo amesimama wima kwa kiasi cha kuridhisha. Akageuka kutazama nyuma yake kuna nani.

Mchana nikamwambia kwamba makosa yake ya leo ni bora kuliko ya jana. Akasema ahsante kwa sauti ndogo, akaenda kumuuliza bibi yake makosa bora ni yapi.

Jioni, kwenye mazoezi, alisoma sentensi moja nzima bila kosa. Niliona nafasi. Nikakohoa. Nikasema kwamba sentensi hiyo haikuwa mbaya, ukiondoa kasi, na pumzi, na hapo katikati. Akanisogelea. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Babu, unaumwa?"

Nikasema siumwi. Akasema atamwambia bibi achemshe majani ya mwarobaini hata hivyo. Nimeyanywa. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Machungu kupita kiasi, na nikamwambia Mama Abigeli hivyo, pamoja na sababu.

Jumatano, 13 Novemba

Aibu. Lakini shajara ni shajara, na mtu mkweli huandika.

Mbinu ilikuwa hii. Kama mimi siwezi kusifu, nitamtafuta mtu wa kazi hiyo. Nikamwendea Ayangbemi, mpiga ngoma ya kusema, ile inayotamka majina na sifa kwa mlio wake, ambaye ukoo wao umepiga ngoma kabla mji huu haujawa na barabara. Nikamweleza kwa utaratibu. Aje alasiri, asimame uani, na kila Ewatomi amalizapo aya moja ya hotuba, ngoma imsifie kwa ukoo wa upande wetu. Upande wetu, nilisisitiza. Wa Ogbomoso wameshasikika vya kutosha.

Alikuja. Ewatomi akasimama na karatasi yake. Hata vidole vya miguu vilikuwa vimenyooka, niliangalia. Nikatoa ishara.

Hapa kosa ni langu kwa kiasi fulani. Nilisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa analijua: mpiga ngoma hawezi kuingia katika ua wa watu akaanza na mtoto. Anaanza na mwenye nyumba. Ayangbemi akakaza ngoma kwapani, akanitazama usoni, ngoma ikaniita. Ikamtaja baba yangu. Ikamtaja babu yangu, aliyerudi kutoka vitani na farasi wa adui. Ikasema mimi ni chaki inayoandika ubaoni na wingu haliifuti.

Sijui kilichonipata. Nakumbuka miguu ilianza yenyewe. Nakumbuka kuinama na mabega yakitikisika, na majirani wakichungulia juu ya ukuta. Nilitoa kilichokuwemo mfukoni. Ngoma ikamtaja babu wa babu. Nikavua kofia nikaitoa. Ikasema mkono wangu haujawahi kufumba mbele ya mgeni, na hapo kitu pekee kilichokuwa karibu na mkono wangu kilikuwa jogoo.

Nilipotulia, Ayangbemi alikuwa ameondoka na jogoo wa Mama Abigeli. Ewatomi hakuwepo uani. Alikuwa jikoni anapepeta kunde. Hakuna aliyemwambia aanze kusoma.

Mama Abigeli alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Kweli, Mwalimu, sifa ni mbaya. Tazama zilivyokufanya."

Alhamisi, 14 Novemba

Mama Abigeli hanisemeshi kwa sababu ya jogoo. Utulivu. Nimeutumia kwa upelelezi.

Baada ya shule nilikaa nje ya dirisha lao nikijifanya nasoma gazeti. Anamsuka mtoto nywele, na huku anaimba. Ayinke hivi, Ayinke vile. Karibu nisinzie. Kisha nikasikia mstari mpya.

"Ayinke, uzao wa wanaolifikisha neno mpaka mlangoni, wasioliacha njiani likapotea."

Gazeti likaniponyoka. Hiyo si oriki ya ukoo wowote. Hilo ni lile kosa langu la Jumapili, la kumeza mwisho wa maneno! Ameliiba, ameligeuza, amelivisha nguo ya sikukuu, amelirudisha kwa mtoto kama urithi. Na mtoto, kichwa kikiwa magotini kwa bibi yake, akarudia ukurasa wa kwanza wa hotuba, na kila neno likafika mlangoni.

Nikaingia ndani nikamwambia Mama Abigeli kwamba nimemfuma. Kwamba kumbe naye anakosoa. Alishangaa kwamba nimeshangaa.

"Mbona namkosoa kila siku, Mwalimu? Huyu ni mtoto, si malaika. Ila sijawahi kumkosoa akiwa peke yake. Namkosoa akiwa amezungukwa na watu wake."

Nimeitafakari kauli hii kwa muda mrefu. Ina kasoro ya kimantiki. Chumbani walikuwa wawili tu.

Kuhusu mwisho wa maneno, nimefikia uamuzi. Ni marekebisho yangu ya Jumapili ndiyo yameanza kufanya kazi. Elimu huchelewa kidogo, kama dawa ya minyoo.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika haraka kwa sababu sitaki kuandika.

Asubuhi nilikuwa na furaha kubwa. Niliona nimeshinda. Kama kosa linaweza kuingizwa ndani ya oriki, kwa nini liingizwe moja moja, kwa kificho, katikati ya mambo ya nguo na mvua? Hiyo ni kupoteza muda wa mtoto. Nilikaa mezani nikatunga oriki kamili, yenye makosa yote, kwa mpangilio, kutoka kichwani hadi miguuni. Mapigo yalikaa sawa. Sauti nilikuwa nayo, maana ujanani mwangu niliimba kwaya.

Ewatomi alipopiga magoti kunisalimu, sikuitikia salamu. Nikaanza.

"Ewatomi, uzao wa wanaozungumza na sakafu. Mjukuu wa waliomeza mwisho wa maneno wakashiba. Mtoto wa ukoo uliokunja vidole mbele ya wageni."

Alisikiliza mpaka mwisho. Kichwa alikiinamisha kama wanavyofundishwa, kwa sababu oriki ikiimbwa hujitetei, unapokea tu. Kisha akaniuliza kama ni wote. Sikumwelewa. Akauliza: hata mama? Hata yule bibi aliyekufa, ambaye picha yake iko ukutani?

Nilikuwa bado kwenye joto la utunzi. Nikasema oriki hufuata ukoo mzima.

Akainuka. Tangu hapo hajasema neno. Si kwangu, si kwa bibi yake, si shuleni. Jioni nilimpa hotuba, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia kwa adabu.

Mama Abigeli alikuja uani. Nilijiandaa kwa kejeli. Afadhali angenikejeli.

"Oriki haimwambii mtoto afanye nini, Mwalimu. Inamwambia yeye ni nani. Na wewe umeshamwambia."

Akaenda kuosha mchele. Nilitaka kumweleza kwamba kwa upande wa mapigo ilikuwa kazi safi. Sikumweleza. Nimekula amala yangu, ugali wa unga wa viazi vikuu, peke yangu. Ilikuwa na madonge, na hakukuwa na wa kumwambia.

Jumamosi, 16 Novemba

Morolake amefika kutoka Ibadan na macho ya mtu aliyekesha kazini. Ewatomi alimkimbilia akamkumbatia. Bila sauti. Binti yangu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nikasema hali ya hewa imebadilika, wengi wanakauka koo.

Shemasi Atanda, msimamizi wa sikukuu, akatuma mtu kuuliza kama hotuba apewe mtoto mwingine. Ana mjukuu wake mwenye sauti kubwa. Mtoto yule anajua kupiga kelele tu, tangu zamani nasema hivyo. Morolake akajibu wasubiri mpaka kesho.

Sikuwa na mbinu. Naandika hili kwa mshangao. Nilikaa uani nikatafuta kitu cha kufanya nikaona kiatu cha Ewatomi cha kanisani, mkanda umekatika. Nikachukua uzi na sindano. Nilikuwa nashona kimya nilipoona kivuli kando yangu. Alikuwa amesimama, anatazama mkono wangu unavyokwenda. Nikamaliza, nikampa. Akakivaa. Akakanyaga mara kadhaa.

"Umeshona vizuri, Babu," akasema. "Ila upande huu bado unacheza."

Nikamvua, nikafumua upande huo, nikaushona tena. Akasimama palepale mpaka nikamaliza. Ukakaa.

Ni baadaye tu, nikiosha mikono, nilipong'amua kwamba nimekosolewa. Na mtoto wa miaka tisa, katika ua wangu mwenyewe. Wala sikuhisi kitu. Nilichohisi ni hamu ya kushona vizuri zaidi. Labda ni uzee. Nitamuuliza daktari.

Sikumsahihisha matamshi, ingawa alisema chinichini. Nilikuwa nimebana sindano kwa midomo.

Jumapili, 17 Novemba

Kwa ukamilifu, kama ilivyotokea.

Kanisa limejaa. Wageni kutoka makanisa matatu, wanawake kwa vilemba vya kung'aa, harufu ya wali na nyama ikiingia kwa madirisha ya nyuma. Mimi mstari wa mbele, nimevaa agbada ya buluu, joho langu la sikukuu. Kushoto Mama Abigeli, kulia Morolake. Shemasi Atanda akamwita Ewatomi. Akapanda jukwaani na kurasa zangu tatu. Akazifungua. Akazitazama.

Kimya.

Kikaendelea. Mtu akakohoa. Mjukuu wa Shemasi akaanza kujongea ukingoni mwa benchi lake. Mimi nilijua tatizo: neno la kwanza ni refu. Nikaanza kulitamka kwa midomo. Hakuniangalia. Nikainuka nusu, kidole juu, nimwonyeshe silabi ya kwanza. Mama Abigeli akashika pindo la agbada yangu akavuta. Nikakaa kwa kishindo.

Ewatomi akazikunja karatasi. Akainua kidevu.

"Karibuni wote. Babu yangu amewaandikia hotuba nzuri, ina kurasa tatu. Anajua maneno mengi kuliko mtu yeyote. Ila ni ndefu, na wali utapoa. Mkitaka kuisikia, yule pale mbele, mwenye agbada ya buluu. Atafurahi. Karibuni tena."

Akashuka. Kila neno lilifika hadi kwa wanawake waliokuwa wakipakua chakula nje, kwa sababu walianza kucheka kabla yetu. Kanisa zima lilicheka, kisha likapiga makofi, kisha mzee mmoja mgeni akasimama akasema hajawahi kukaribishwa vizuri hivi. Mama Abigeli alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Mimi nilikuwa najiandaa kusimama nianze ukurasa wa kwanza, maana nilikuwa nimetajwa, lakini Shemasi akafunga kwa sala.

Nilipita katikati ya watu nikipokea pongezi. Mwanafunzi wangu! Nikajua ameshabaki. Nilianza kupanga ratiba ya mwaka ujao, desimali Januari, sehemu Februari.

Nyumbani, sanduku la Ewatomi lilikuwa tayari ndani ya gari la Morolake. Nikamkumbusha tulivyokubaliana. Mtoto amesimama, amesema. Morolake akakiri. Akasema makubaliano ni makubaliano.

"Nitashusha sanduku lake, Baba. Ila kwanza mwambie. Tangu tutoke kanisani hujamwambia kitu, na anakusubiri. Mwambie chochote."

Ewatomi alikuwa amepiga magoti mbele yangu, amevaa vile viatu. Uso ameuinua. Mama Abigeli alikuwa ameshika mlango wa gari. Na mimi nilikuwa na maneno, naapa nilikuwa nayo. Yalijaa kifua kizima. Nilitaka kusema kwamba sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo na kwamba ilifanana na ya mtu ninayemkumbuka. Nikafungua mdomo.

"Umeviruka vyeo vya wageni," nikasema.

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameviruka vyote.

Ewatomi akasema ndiyo, Babu. Akainuka, akapangusa magoti. Morolake hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama wauguzi wanavyowatazama wagonjwa wazee.

"Baba, siku niliyoleta cheti cha uuguzi ulikisoma chote, ukanirudishia, ukasema wamekosea tarehe."

"Walikuwa wamekosea," nikasema.

"Walikuwa wamekosea," akasema. Akaingia kwenye gari.

Ewatomi alinipungia mkono kupitia dirisha la nyuma mpaka walipokata kona. Mama Abigeli naye alipunga. Kisha nikarudi ndani. Nyumba ina utulivu mzuri wa kusomea. Sijasoma.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimetafakari kwa wiki mbili, bila jazba, na naweza sasa kueleza kilichotokea. Morolake ameharakisha. Mtoto alikuwa karibu kufika. Ningepewa miezi mingine mitatu, na Mama Abigeli akae kwao, hotuba ingesomwa kurasa zote, pamoja na vyeo. Mbinu zilikuwa sahihi. Zilikatizwa.

Leo asubuhi simu yangu ililia. Ewatomi amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Ogbomoso. Jirani alinionyesha pa kubonyeza. Anasema hajambo. Anasema bibi amenunua jogoo mwingine na huyu ni mkali. Anasema darasani wamemchagua kusoma kwa sauti kila Jumatatu, na mwalimu wao hajui hesabu kama mimi. Halafu anacheka, halafu anasema amenikumbuka, nami nije Krismasi, na nisisahau kula.

Nimeusikiliza mara nyingi. Kwa ajili ya uhakiki tu. Nimempelekea jirani ausikilize, na Shemasi Atanda, na fundi cherehani wa kona, ili wanisaidie kuthibitisha kasoro. Fundi cherehani alisema hasikii kasoro yoyote. Hakusoma sana, maskini.

Zipo. Amecheka katikati ya sentensi. Amesema "halafu" mara nyingi mno. Ameanza na jogoo kabla ya kumaliza salamu. Na hapo mwisho, kwenye "nimekukumbuka," amevuta pumzi mahali pasipo na nukta.

Nimemrekodia marekebisho, kwa upole, moja baada ya jingine, nikayatuma kabla ya chakula cha mchana. Sasa ni jioni. Bado hajajibu.

Nitausikiliza tena. Huenda kuna kosa nililoliruka.